Waliochelewa Delaware: kisa cha saratani ya utumbo mpana

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jimbo dogo la Delaware, pwani ya mashariki ya Marekani, Wamarekani Weusi walikuwa wakiambiwa habari ya saratani ya utumbo mpana wakati mambo yameshaharibika. Kati ya kila 100 waliogunduliwa, 79 walikutwa ugonjwa umeshatoka pale ulipoanzia: ama umeingia kwenye tezi za jirani, ama umefika kwenye ini, mapafu au mahali pengine mbali. Waliokutwa saratani bado imetulia ndani ya utumbo walikuwa 16 tu. Kufika mwaka 2009, wale 79 walikuwa wameshuka hadi 40, na wale 16 wamepanda hadi 50.

Jimbo ni lilelile, hospitali ni zilezile, na watu hawakubadili damu wala mapishi yao ndani ya miaka minane. Hata hivyo ugonjwa ulianza kukutwa mapema. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa sababu sisi tukiulizwa kwa nini watu wa sehemu fulani hufika hospitali wakiwa hoi, majibu huwa tayari mdomoni: hawana elimu, wanaogopa, wameanzia kwa mganga, ndiyo asili yao. Majibu hayo yanaishia kumlaumu mgonjwa, na baada ya hapo hakuna kinachofanyika. Delaware nao walikuwa na majibu ya namna hiyo. Walichofanya ni kuanza na swali jingine: mtu huyu angetaka kupimwa leo, angepita wapi, angelipiwa na nani, na akikutwa nayo, angetibiwa?

Ugonjwa unaotoa muda

Saratani hii haiji kwa kishindo. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Madaktari wanakiita polipu. Nyingi hazifanyi lolote. Chache hubadilika, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Muda wote huo mwenyewe hasikii kitu. Anakula, analala, anakwenda kazini, anasomesha watoto. Daktari akiingiza kamera nyembamba kupitia njia ya haja kubwa, kipimo kinachoitwa kolonoskopi, akakiona kinyama kile, anakiondoa palepale, na saratani ambayo ingetoka hapo haitokei tena. Uchunguzi wa ugonjwa huu basi una faida mbili: unaikamata saratani ikingali changa, na unaizuia nyingine isizaliwe. Kipimo cha picha ya matiti hakiwezi kufanya hilo la pili.

Kipo pia kipimo cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hufanyika kila mwaka, mtu anachukua sampuli nyumbani kwake, hakuna kamera wala dawa ya usingizi. Kikionyesha damu, ndipo anapopelekwa kwenye kamera. Kolonoskopi yenyewe, ikiwa safi, hukaa miaka 10 kabla ya kurudiwa.

Ukiangalia takwimu za Marekani utaelewa kwa nini hatua ya ugonjwa ni jambo la uhai na kifo. Waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, takriban 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishaingia kwenye tezi za jirani, hubaki kama 7 kati ya 10. Ikishasafiri mbali, hawafiki 2. Ni ugonjwa uleule, katika nchi ileile yenye madaktari walewale. Kinachotenganisha makundi haya kwa sehemu kubwa ni siku ambayo mtu alionwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba eneo fulani lina saratani nyingi za hatua za mwisho, ninasikia kwamba watu wa pale walipewa miaka 10 ya nafasi na hakuna aliyewafikia ndani ya miaka hiyo.

Ramani iliyogeuka

Mazungumzo ya tofauti za mahali kwa mahali ni ya zamani, na sehemu yake ilianzia kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra sana kwa Waafrika ukilinganisha na watu wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1971 aliandika akihusisha tofauti hiyo na chakula: ulaji wenye nyuzinyuzi nyingi upande mmoja, unga uliokobolewa na sukari upande mwingine. Hoja yake bado ina uzito, hasa ukiongeza nyama za kusindikwa, pombe, sigara, unene na kukaa kitako siku nzima.

Lakini chakula kinahusu nani ataugua. Kwa swali la lini atagunduliwa, chakula hakina la kusema. Watu wawili waliokula vyakula vilevile maisha yao yote wanaweza kukutwa mmoja na kinyama cha kuondolewa kwa dakika chache, mwingine na ini lililojaa uvimbe. Kuchanganya maswali haya mawili ndiko kunakowafanya watu wengi, wakiwamo viongozi wa afya, kuhubiri mboga za majani mahali ambapo kinachokosekana ni kipimo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko kwenye ramani ya Marekani yenyewe. Mwaka 2015 Rebecca Siegel na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifo vya saratani hii kaunti kwa kaunti. Yalijitokeza maeneo matatu yenye vifo kupita kiasi. La kwanza na baya kuliko yote ni bonde la chini la mto Mississippi, kaunti 94, ambako vifo mwaka 2009 hadi 2011 vilikuwa juu kwa asilimia 40 kuliko sehemu nyingine za nchi. La pili ni kaunti 107 za milima ya Appalachia, juu kwa asilimia 18. La tatu ni kaunti 37 za mashariki ya Virginia na North Carolina, juu kwa asilimia 9.

Sasa rudi nyuma kwenye bonde lile la Mississippi mwaka 1970 hadi 1972. Vifo vyake wakati huo vilikuwa chini ya sehemu nyingine kwa asilimia 18. Chini! Watu wa bonde lile walikuwa na nafuu. Katika miaka 40 tu, eneo lililokuwa na heri likawa la mwisho, wakati majimbo ya kaskazini mashariki, yaliyokuwa na vifo vingi zaidi enzi hizo, yalishuka sana. Vinasaba havigeuki hivyo katika vizazi viwili. Ulaji na unene vilichangia, bila shaka. Lakini katika miongo hiyohiyo kipimo cha kamera kilienea, upasuaji ukawa bora, dawa mpya zikaja, na vyote hivyo viliwafikia kwanza wenye bima, wenye gari na wenye daktari wao. Waliokuwa na uwezo wakashuka kwenye ramani ya vifo. Waliobaki nyuma walionekana kama wamepanda, kumbe kwa sehemu ni wenzao waliopewa ngazi ya kushukia.

Delaware iko jirani na eneo lile la tatu. Rasi ya Delmarva, kama jina lake linavyosema, inagawanywa na Delaware, Maryland na Virginia. Sussex, kaunti ya kusini kabisa ya Delaware, ni nchi ya mashamba na mabanda ya kuku, iliyo mbali sana kimaisha na Wilmington ya mabenki na viwanda vya kemikali huko kaunti ya New Castle. Katikati ni Kent, yenye mji mkuu Dover. Kaunti tatu tu, jimbo zima. Mwaka 2000 lilikuwa na watu karibu 784,000, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa Mweusi. Katika miaka ya 1990 lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyozika watu wengi zaidi kwa saratani za kila aina ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Serikali inaamua kuhesabu

Januari 2001 aliapishwa gavana Ruth Ann Minner, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo Delaware. Ni mtu aliyeacha shule akiwa kijana, akaimaliza baadaye akiwa mjane mwenye watoto. Mumewe wa pili, Roger, alifariki kwa saratani mwaka 1991. Sitaki kudai kwamba msiba wa nyumbani ndio uliozaa sera; ila aliyeuguza mtu wa saratani anajua mahali ambapo mgonjwa hukwama, na hukwama zaidi kwenye madirisha ya malipo kuliko kwenye vitanda vya upasuaji.

Mwaka huohuo liliundwa baraza la kushughulikia saratani. Waliokaa humo walikuwa madaktari, wabunge, watu wa idara ya afya na wananchi. Mwaka 2002 likatoa mpango wake, na likaendelea kama chombo cha kudumu cha kuusimamia. Fedha nyingi zilitoka kwenye mgawo wa jimbo wa malipo ambayo kampuni za sigara zilikubali kuyalipa majimbo mwaka 1998. Majimbo mengine yalizitumia fedha kama hizo kuziba mashimo ya bajeti. Delaware ilizielekeza kwenye afya, na uamuzi huo peke yake unastahili heshima.

Kwa upande wa utumbo mpana, mpango ulikuwa na nguzo mbili za awali. Ya kwanza, jimbo litalipia kolonoskopi kwa mtu asiye na bima mwenye kipato kisichozidi mara mbili na nusu ya mstari wa umaskini. Ya pili, katika kila hospitali kati ya hospitali kubwa tano za jimbo atawekwa muuguzi mwelekezaji, ambaye kazi yake ni kumtafuta mtu, kumshawishi, kumwandikia miadi, kumwandaa, na kuhakikisha amefika.

Halafu, mwaka 2004, ikaongezwa nguzo ya tatu, na hapa ndipo ninapoona moyo wa kisa chote.

Nikikutwa nayo, halafu?

Fikiria uko upande wa anayeshawishiwa. Una miaka 56, unafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja kuku, huna bima, una deni la gari. Muuguzi anakuja kanisani kwenu Jumapili na kusema kuna kipimo cha bure. Huna dalili yoyote. Ukipimwa ukakutwa mzima, umepoteza siku moja ya mshahara. Ukikutwa na saratani, umeambiwa utakufa kwa ugonjwa ambao matibabu yake yanagharimu kuliko nyumba yako. Kukataa kipimo hapo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu. Wengi tunakuita kukataa huko woga au ujinga kwa sababu sisi tunaohukumu tuna mahali pa kwenda baada ya majibu.

Delaware ililijibu swali hilo kwa sheria na fedha. Kuanzia 2004 jimbo lilianza kulipia matibabu ya saratani kwa mkazi asiye na bima, hadi kipato cha mara sita na nusu ya mstari wa umaskini, yaani si masikini hohehahe peke yao bali hata mfanyakazi wa kawaida ambaye saratani moja ingemfilisi. Mwanzoni malipo yalikuwa ya mwaka mmoja, baadaye yakafanywa miaka miwili. Muuguzi alipokwenda tena kanisani alikuwa na jibu: ukikutwa nayo, utatibiwa, na hutaletewa bili usiyoiweza. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko mabango yote ya kuhamasisha ninayoyajua.

Ninalisisitiza hili kwa sababu programu nyingi za uchunguzi huanzia mwisho wa kamba. Hununua mashine, hupiga picha ya uzinduzi, huita watu wapimwe. Waliokutwa na tatizo hupewa karatasi ya rufaa na kuachwa wajitafutie. Mwaka unaofuata watu hawaji, na ripoti inaandika kwamba mwamko wa jamii ni mdogo. Jamii iliona kilichompata jirani aliyepimwa mwaka jana.

Kazi ya wale wauguzi nayo haikuwa ya kukaa mezani. Weusi wa Delaware ndio waliokuwa wameachwa nyuma, kwa hiyo wao ndio waliofuatwa zaidi, kupitia makanisa, vikundi vya mitaani na watu wanaoaminika huko. Anayejua maandalizi ya kolonoskopi ataelewa kwa nini simu ya muuguzi ni muhimu. Siku moja kabla, mtu hali chakula kigumu. Anakunywa majimaji tu. Jioni anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, nyingi, yenye ladha mbaya, na usiku unaishia chooni. Tumbo lisiposafika vizuri, daktari haoni na kipimo kinarudiwa. Siku yenyewe anapewa dawa ya usingizi, kwa hiyo haruhusiwi kuendesha gari kurudi nyumbani. Lazima awepo mtu mzima wa kumchukua. Kwa mtu anayeishi peke yake, au ambaye watoto wake wote wako kazini siku ya Jumatano, sharti hilo dogo linatosha kuua miadi nzima. Halafu kuna aibu. Mwanamume mzima kuambiwa kamera itapitia huko ni jambo linalohitaji mtu mwenye ulimi mtamu na muda wa kukaa naye.

Namba, na mashaka yangu

Mwaka 2013 Stephen Grubbs, daktari wa saratani wa Delaware, na wenzake, akiwamo John Carney ambaye baadaye alikuwa gavana, walichapisha matokeo ya miaka minane, 2002 hadi 2009.

Waliowahi kupimwa miongoni mwa watu wa miaka 50 na kuendelea walipanda kutoka asilimia 57 hadi 74. Kwa Wazungu kutoka 58 hadi karibu 75. Kwa Weusi kutoka 48 hadi karibu 74. Pengo la pointi 10 lilifutika. Wagonjwa wapya Weusi walishuka kutoka 66.9 hadi 44.3 kwa kila watu 100,000, yaani upungufu wa asilimia 34. Wazungu nao walishuka kwa asilimia 26. Vifo vya Weusi vilishuka kutoka 31.2 hadi 18.0 kwa kila 100,000. Vya Wazungu vilitoka 19.5 hadi 16.9. Waandishi walikadiria kwamba uchunguzi uliligharimu jimbo kama dola milioni 1 kwa mwaka na matibabu kama milioni 6, na kwamba kupungua kwa wagonjwa pamoja na kugunduliwa mapema kuliokoa kama milioni 8.5.

Namba nzuri namna hii lazima zichunguzwe, na nina mashaka kadhaa.

Kwanza asilimia za hatua zenyewe. Tuseme mwaka huu umepima watu wengi kwa mara ya kwanza. Utavuna saratani changa kwa wingi, na kwa hiyo asilimia ya waliochelewa itashuka hata kama idadi yao haikupungua kwa mtu mmoja. Anayetaka kukuuzia mafanikio atakuonyesha asilimia hiyo peke yake. Kwa hiyo nilichukua kalamu. Kati ya Weusi 100,000 mwanzoni walikuwapo wagonjwa wapya kama 67 kwa mwaka. Asilimia 79 ya hao ni kama 53. Mwishoni wagonjwa wapya ni 44, na asilimia 40 yao ni kama 18. Hii ni hesabu ya mkono, si takwimu rasmi, lakini inaonyesha kwamba waliochelewa walipungua kweli, kwa idadi na kwa sehemu.

Pili, kugundua mapema kunaweza kumfanya mtu aonekane ameishi muda mrefu zaidi na ugonjwa bila kifo chake kuahirishwa hata siku moja; saa tu imeanza kuhesabu mapema. Kwa sababu hiyo mimi huangalia vifo kwa watu wote, ambavyo havidanganywi na saa hiyo. Vimeshuka.

Tatu, watu ni wachache. Weusi wa Delaware wanaougua saratani hii ni makumi tu kwa mwaka, na makumi huyumba: watu watano wakihama safu moja kwenda nyingine, asilimia inaruka. Tena ukijumlisha 79 na 16 hupati 100, wala 40 na 50; wapo ambao hawakuingia katika makundi hayo mawili. Siwezi kuapa kwa 40 kwamba si 45. Lakini mteremko kutoka 79 ni mkubwa kuliko mayumbo.

La nne ndilo zito zaidi. Hapakuwa na Delaware ya pili ya kulinganisha nayo. Marekani nzima ilikuwa inashuka. Mwaka 2000 mtangazaji Katie Couric, aliyefiwa na mume kwa ugonjwa huu, alipimwa kolonoskopi mbele ya kamera za televisheni na watu wengi wakamfuata. Julai 2001 bima ya serikali ya wazee ilianza kulipia kolonoskopi hata kwa wazee wasio na hatari ya pekee. Sehemu ya mteremko wa Delaware ilitoka huko, sina ubishi. Ila mambo hayo ya kitaifa yangewanufaisha wote, na uzoefu wa bonde la Mississippi unaonyesha kwamba neema ya kitaifa ikiachwa ijisambaze yenyewe, huwafikia kwanza waliokwishafikiwa. Delaware waliokuwa nyuma walishuka kwa kasi zaidi kuliko waliokuwa mbele. Mteremko wa namna hiyo hauji wenyewe. Kuna mtu aliusukuma.

Kentucky, iliyomo kwenye eneo la Appalachia, nayo ilipandisha waliopimwa kutoka takriban theluthi moja mwaka 1999 hadi takriban theluthi mbili mwaka 2012. Kwa hiyo udogo wa Delaware hauwezi kuwa kisingizio cha wengine, ingawa ninakiri kwamba baraza linaloweza kukutana na wakuu wa hospitali zote za jimbo kwenye meza moja lina urahisi wake.

Umri, na bawasiri

Kisa hiki kilipimwa kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Tangu hapo ugonjwa umeanza kuwapata vijana zaidi katika Marekani. Chadwick Boseman, mwigizaji tuliyemjua wote, mzaliwa wa South Carolina, aligunduliwa mwaka 2016 ikiwa hatua ya tatu na akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Alikufa kabla ya umri wa kuitwa kupimwa. Mei 2021 jopo la taifa linaloelekeza uchunguzi lilishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45. Mswahili anayeishi Houston, Columbus au Minneapolis mwenye miaka 45 yumo katika agizo hilo, na bima nyingi za huko zinatakiwa kulipia kipimo hicho bila kumchangisha.

Huku nyumbani, Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao ni wenye umri mdogo kuliko tuliozoea kusoma. Sehemu moja ya ucheleweshaji ninaijua kwa lugha yetu wenyewe. Mtu akiona damu kwenye choo husema ni bawasiri. Jirani husema ni bawasiri. Muuza dawa naye anasema ni bawasiri, na anauza mafuta ya kupaka. Kwingine wanasema ni amiba au minyoo. Mara nyingi wako sahihi. Shida ni zile mara chache ambazo hawako sahihi, damu ikiendelea wiki baada ya wiki, tumbo likibadilika, mara kufunga choo mara kuhara, mwili ukiisha, wekundu wa damu ukipungua hadi mtu anahema kwa kupanda ngazi, na bado hakuna aliyevaa glavu akamwangalia. Kidole cha daktari ndani ya glavu hakihitaji umeme, na uvimbe wa sehemu ya chini kabisa ya utumbo kinaweza kuugusa.

Siwezi kusema Delaware ibebwe kama ilivyo iletwe hapa. Kamera za utumbo kwetu ziko kwenye hospitali kubwa, na wenye ujuzi wa kuzitumia hawatoshi hata kwa wagonjwa wenye dalili, sembuse kuwaita wazima. Kinachosafiri vizuri ni mpangilio wa maswali. Kabla ya kuwaita watu wapimwe, amua nani atalipia matibabu ya atakayekutwa nayo. Kabla ya kusema watu hawaji, mtafute aliyepewa rufaa mwezi uliopita ujue alikwama dirisha gani.

Delaware yenyewe imebadilika. Marekebisho ya bima ya Marekani yalipoanza kufanya kazi kikamilifu mwaka 2014, wengi waliokuwa wakilipiwa na mfuko wa jimbo walipata bima, na mzigo wa mfuko ukapungua. Uelekezaji haukwisha kwa sababu ya bima. Kadi ya bima haisafishi tumbo usiku wa kuamkia kipimo, wala haiombi ruhusa kwa msimamizi wa zamu. Bado kuna simu inayopigwa siku chache kabla ya miadi, na baada ya salamu na maelekezo ya dawa, bado kuna swali lilelile linaloulizwa kwa mjane wa Sussex asiye na gari: nani atakuja kukuchukua?